Kinga ya Kanga

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini?

Pakawa mtama huku, chumvi kule, na mwenye pupa katikati.

Mtama wa nani?

Mtama wa Kanga.

Na chumvi?

Chumvi ya Nungunungu.

Hewaa. Basi sogeeni. Mwenye kikohozi akohoe sasa amalize, maana ngano hii haipendi kukatizwa. Na ninaposema Kanga, msinitazame kiunoni. Sisemi kanga ya kujifunga. Nasema kanga ndege, yule mwenye mbio.

Hapo kale, kale ya kale, wanyama walipokuwa wakilima na kuuza na kusengenyana kama sisi, palikuwa na boma kubwa la Nyati. Boma lilizungushiwa matawi ya mgunga. Ndani kulikuwa na vibanda na mashamba. Nje kulikuwa na Paka-mwitu.

Nyati hakumchukia mtu na hakumpendelea mtu. Alichotaka ni chumvi. Kila mwaka, baada ya mavuno, ilifika Siku ya Kulamba. Nyati alisimama langoni, na kila nyumba ikaja kuweka mbele yake mabonge kumi ya chumvi. Ukiweka kumi, unaingia. Ukiweka tisa, unalala nje na wanao mpaka la kumi lipatikane. Hakuna maneno mengi.

Kanga alikaa ndani ya boma hilo na vifaranga wake. Alilima mtama. Hakuulima kwa ajili ya tumbo, maana yeye na wanawe walijilia kumbikumbi, panzi na mbegu za majani. Mtama wake ulikuwa wa kubadilishia chumvi. Chumvi ilichimbwa na Nungunungu kule mbugani, kwenye udongo mweupe. Siku ya gulio Kanga alibeba vikapu, Nungunungu akabeba mabonge, wakakutana.

Mwaka wa kawaida, kikapu kimoja kwa bonge moja. Lakini gulio mnalijua. Leo mama, kesho mama wa kambo.

Mwaka mmoja mvua ilinyesha vizuri mno. Kanga akavuna vikapu kumi na viwili, akaimba njia nzima. Alipofika gulioni akakuta kumbe kila mtu amevuna. Mtama umelundikana mpaka barabarani, wenye chumvi wanapita wakichagua na kubinua midomo. Vikapu vitatu kwa bonge moja, hutaki rudi navyo. Kanga akabisha, akalia, akatoa vyote kumi na viwili, akapata mabonge manne.

Siku ya Kulamba akayaweka manne. Nyati akayatazama, akamwambia alale nje.

Siku tatu Kanga alizunguka akiomba bonge hapa, bonge pale, mpaka ndugu zake akina Kwale wakamchangia sita yaliyobaki. Akaingia ndani, akawahesabu wanawe. Alitoka na tisa. Alirudi na saba.

Nyamazeni kidogo hapo. Si jambo la kucheka.

Tangu siku hiyo Kanga hakutulia tena. Alipanda mtama, lakini hakuweza kukaa kitako. Alitoka mlangoni akatazama mawingu, akarudi ndani, akatoka tena. Mvua ikinyesha anasema yarabi, mtama utakuwa mwingi, bei itaanguka. Jua likiwaka anasema yarabi, mtama utakauka, nitavuna nini. Alikimbia huku, akakimbia kule, shingo mbele, akiimba wimbo huu:

*Ikinyesha, roho juu,*
*Isiponyesha, roho juu,*
*Wanangu saba, mtalala wapi?*

Na ninyi itikieni, msikae kama magogo. *Wanangu saba, mtalala wapi?* Haya.

Akaenda kwa Kobe kutaka shauri. Kobe akamwambia subira yavuta heri. Kanga akasubiri mpaka jua lilipofika utosini, akaona heri haivutiki, akaondoka mbio.

Akaenda kwa Kunguru. Kunguru akamwambia apande mtama kidogo, usimwagike gulioni. Kanga akafikiri. Akaona akipanda kidogo yeye na majirani wakapanda mwingi, bei itaanguka vilevile, naye atakuwa na vikapu vitatu badala ya kumi na viwili. Akaondoka mbio.

Mara ya tatu hakwenda kwa mtu. Alikuwa akikimbia tu njiani, hajui aendako, akagongana na Nungunungu. Naye Nungunungu alikuwa akizunguka palepale, anatafuna kucha, anatazama mbingu.

Kanga akashangaa. Akamuuliza yeye ana shida gani, mtu mwenye chumvi, mwaka jana si alikusanya mtama wa bure mpaka ghala likafurika. Nungunungu akacheka cheko la uchungu. Akamweleza kwamba mwaka wa nyuma yake, mwaka wa ukame, alikwenda gulioni na mabonge kumi akarudi na vikapu viwili na nusu. Kikapu kimoja kilikuwa mabonge manne. Watoto wake hawali panzi wala kumbikumbi. Wanakula mtama. Walitafuna mizizi miezi mitatu, na yule mdogo mpaka leo miguu yake haijakaza.

Wakatazamana.

"Kwa hiyo, Bi Kanga," Nungunungu akasema, "wewe unaogopa mvua, mimi naogopa jua. Na kila mmoja anazunguka peke yake kama mwehu."

"Ndiyo, kaka. Sasa tufanyeje?"

"Tuwaozeshe. Woga wako na woga wangu tuwafungishe ndoa."

Wakaketi kando ya njia wakapatana. Siku ya mavuno Kanga atamletea Nungunungu vikapu kumi, na Nungunungu atampa Kanga mabonge kumi. Gulio likisema vikapu vitatu kwa bonge, wao moja kwa moja. Gulio likisema kikapu kwa mabonge manne, wao moja kwa moja. Gulio lipige kelele litakavyo, wao hawalisikii.

Nungunungu akajipapasa mgongoni, akang'oa miiba kumi. Akaivunja mmoja mmoja katikati. Nusu akampa Kanga, nusu akabaki nayo. Kila mwiba kikapu kimoja kwa bonge moja. Siku ya siku watazikutanisha nusu hizo, zikioana, neno limetimia.

Wakauita mwiba ule kinga. Kinga ya nini? Kinga ya jua na mvua. Kinga ya ulimi wa gulio.

Kanga akarudi nyumbani na nusu zake kumi, akazichomeka ukutani. Alasiri ile mawingu yakakusanyika. Akatoka mlangoni kwa mazoea. Akayatazama. Akaona hayamuhusu. Akakaa kitako chini ya kibanda chake, vifaranga wakaja wakajibana mbavuni, na kwa mara ya kwanza tangu mwaka uliopita Kanga akasinzia mchana.

Mwaka ule mvua ikanyesha tena kupita kiasi. Mtama ukamwagika. Gulioni vikapu vitatu kwa bonge moja, mwisho wa siku vinne. Walima mtama wakashika vichwa. Kanga hakufika hata gulioni. Alikwenda moja kwa moja kwa Nungunungu na vikapu kumi, wakaoanisha miiba, akapewa mabonge kumi.

Majirani wa Nungunungu walimcheka mpaka wakalala chini. Angengoja gulio, mabonge yake kumi yangemletea vikapu thelathini. Yeye kachukua kumi, na bado anamwambia Kanga asante.

Kanga mwenyewe akaona haya. Akamuuliza kama haimuumi.

"Inaniuma kidogo," Nungunungu akasema. "Mimi si jiwe. Lakini mwaka mzima nimelala usingizi, Bi Kanga, na nilijua watoto watakula nini. Usingizi nao una bei yake. Nimelipa."

Kumbukeni maneno hayo, maana Kanga hakuyakumbuka.

Siku ya Kulamba Kanga aliweka mabonge yake kumi, akaingia bomani kichwa juu, na vifaranga saba nyuma wamejipanga mstari. Majirani waliolala nje walimtazama. Na hapo ndipo shetani alipopata mlango. Maana hofu ikishatoka moyoni huacha nafasi, na ile nafasi tamaa huijua.

Akaja Ngedere.

Ngedere hakulima. Ngedere hakuchimba chumvi. Alikaa juu ya mti akatazama wanaolima na wanaochimba, na gulio likifika ana habari za kila mtu. Akashuka, akamwamkia Kanga kwa heshima, akasifia miiba ile ukutani. Kisha akamuuliza swali dogo. Kama miiba kumi imempa mabonge kumi mwaka wa mtama rahisi, miiba thelathini ingempa mangapi?

Kanga akajibu kwamba yeye huvuna vikapu kumi, na vikizidi sana kumi na viwili. Hivyo vingine angevitoa wapi?

Ngedere akamcheka kwa upole. Akamwonyesha. Mtama si uko gulioni, vitatu kwa bonge? Angechukua mabonge saba tu, akanunua vikapu ishirini na kimoja, akapeleka ishirini kwa aliyeahidi kumpa bonge kwa kila kikapu, akapata ishirini. Ametoa saba, ameingiza ishirini. Kulima halimi, kubeba habebi.

Kanga akakokotoa kwa kucha za mguu. Ilikuwa kweli.

"Na mvua isiponyesha?" akauliza.

"Miaka miwili imenyesha, ya tatu isinyeshe kwa nini? Na wewe si umeshajua faida ya kinga, Bi Kanga? Kinga moja imekuponya. Kinga na kinga je? Wahenga si walisema, kinga na kinga ndipo moto uwakapo?"

Ah, jamani. Mmeona alivyomshika? Kinga ile ya wahenga si kinga ya kujikingia. Ni kijinga, ukuni wenye moto. Kuni mbili zikikaribiana, moto unawaka. Maana yake watu washirikiane. Hata mtoto anayechochea jiko anajua. Lakini Kanga tamaa ilishamjaa masikioni, akasikia kinga, akadhani ni ile yake. Akaona neno limepita kwa wahenga, basi limehalalika.

Akakimbia kwa Nungunungu. Nungunungu akang'oa miiba kumi kama mwaka jana, akaivunja. Kanga akamwomba ishirini zaidi. Nungunungu akakataa. Akasema watoto wake wanamaliza vikapu kumi kwa mwaka, cha kumi na moja hana tumbo la kukitia. Na akamuuliza na yeye hicho cha kumi na moja anacho?

Kanga akachakura vumbi. Kisha akasema Ngedere yuko tayari kuichukua hiyo ishirini.

Nungunungu miiba ikamsimama.

"Ngedere chumvi ataitoa wapi? Nisikilize vizuri. Gulio likikupendelea wewe, atapanda mti. Likimpendelea yeye, atashuka."

Lakini sikio la kufa halisikii dawa. Kanga akaondoka mbio.

Ngedere aliokota miiba iliyoanguka kwenye njia ya Nungunungu, ishirini kamili, akaivunja mbele ya Kanga. Nusu kwako, nusu kwangu. Kanga atatoa vikapu ishirini, Ngedere atatoa mabonge ishirini. Kanga akazichomeka ukutani karibu na zile kumi. Ukuta ukajaa.

Sasa sikilizeni ajabu. Kanga mwenye miiba kumi alikuwa analala. Kanga mwenye miiba thelathini hakulala. Ukuta umejaa kinga, na mwenyewe anatetemeka. Alitoka mlangoni akatazama mawingu, akarudi, akatoka tena. Mwanzo aliogopa mvua. Sasa aliiomba. Iwe nyingi, iwe kwa wote, mtama uwe takataka. Akawa anakimbilia mashamba ya majirani kutazama kama mtama wao unastawi, akiona jani la manjano anaugua. Majirani wakadhani amekuwa mwema. Na wimbo ukarudi:

*Ikinyesha, roho juu,*
*Isiponyesha, roho juu,*
*Wanangu saba, mtalala wapi?*

Itikieni! Mbona sauti zimepungua? Au na ninyi mmevunja miiba na Ngedere?

Vifaranga wakamfuata huku na kule mpaka wakachoka. Mkubwa wao akamwuliza mama mbona mwaka jana tulikuwa tunakaa. Kanga akamwambia anyamaze, mambo ya wakubwa.

Mvua ikanyesha kidogo, ikakatika. Kisha mbingu ya upande wa kaskazini ikawa nyekundu, ikaanza kuvuma. Hayakuwa mawingu. Walikuwa nzige.

Walitua siku tatu. Siku ya kwanza walimaliza mashamba ya akina Kwale. Siku ya pili walimaliza ya Swala na ya Ngiri. Siku ya tatu wakatua kwa Kanga. Lakini huyo ndiye Kanga, na hao ni nzige, na nzige kwa kanga ni kitoweo. Yeye na wanawe saba waliingia shambani wakadonoa toka alfajiri mpaka magharibi, matumbo yakawa kama ngoma, wakadonoa tena. Nzige walipoondoka, shamba la Kanga peke yake lilikuwa limesimama. Akavuna vikapu kumi. Kumi kamili.

Fikirini hapo. Kama angekuwa na ile miiba kumi tu, angekuwa malkia wa boma. Vikapu kumi kwa Nungunungu, mabonge kumi kwa Nyati, wanawe saba ndani, amemaliza. Mwaka wa nzige, naye hana hasara hata ya punje.

Gulioni kikapu kimoja kilifika mabonge manne, halafu matano. Na Ngedere akashuka mtini.

Alikuja na nusu zake ishirini amezifunga kwa kamba ya mgomba, akasalimia vizuri, akaomba vikapu vyake. Kanga akamwomba angoje mwaka ujao. Ngedere akasema mwaka ujao mtama utakuwa rahisi, yeye anautaka sasa. Kanga akaenda gulioni kununua. Vikapu ishirini vilitaka mabonge mia, na yeye hana hata moja. Akaenda kwa akina Kwale, wale waliomchangia zamani. Hawakuwa na punje. Chumvi waliyokuwa nayo ni ile ya akiba, ya kuwaingizia watoto wao langoni.

Akabaki na njia moja, na aliifikiri, nisiwafiche. Vile vikapu kumi vya Nungunungu. Akimpa Ngedere hivyo, labda atamwacha. Alivibeba mpaka njia panda. Akasimama. Njia hii kwa Ngedere, njia hii kwa Nungunungu. Akaenda hatua mbili huku, akarudi. Akaenda hatua mbili kule, akarudi. Vumbi likatimka. Halafu akamkumbuka yule mtoto wa Nungunungu ambaye miguu yake haikukaza, akajua mama aliyepoteza wawili hawezi kumfanyia hivyo mzazi mwenzake. Akaenda kwa Nungunungu.

Nungunungu alipokea vikapu kumi na kutoa mabonge kumi. Gulioni mabonge yale yangempatia viwili tu. Akalia, mwanaume mzima. Akamwambia Kanga amewaokoa watoto.

Siku ya Kulamba ikafika. Kanga akaja langoni na mabonge kumi na vifaranga saba. Ngedere alikuwa ameshafika. Mbele ya wote akamwekea Nyati nusu zake ishirini, akaomba haki.

Nyati akataka nusu za Kanga. Akazioanisha moja moja, zote zikaoana. Akamwuliza Kanga kama ni yeye aliyevunja. Kanga akakubali. Kisha uchungu ukampanda, akasema Ngedere hakuwa na chumvi yoyote, hata bonge moja, tangu siku ile mpaka leo. Mambo yangegeuka asingelipa kitu.

"Ulipovunja naye mwiba," Nyati akauliza, "ulimwuliza chumvi yake iko wapi?"

"Sikumwuliza, mzee."

"Na yeye alikuuliza mtama wako uko wapi?"

Kanga akainamisha kichwa.

Nyati akayageukia mabonge. Alikuwa akiitaka ile chumvi, pua yake ilikuwa ikiisikia. Lakini ahadi ni deni, na yeye hakuwa wa kulamba chumvi ya mwenzake. Akahukumu kwamba Ngedere achukue kilichomo mikononi mwa Kanga, mabonge yale kumi, na miiba ichomwe, neno liishe.

Ngedere akayakumbatia mabonge yote kumi kwa mkupuo mmoja, akapanda mgunga ulio juu ya lango kabla mtu hajabadili mawazo. Kanga akabaki chini ya mti, shingo juu, akimsihi. Akataka moja tu. Akamwambia wewe huli chumvi nyingi hivyo, nipe hata tano, nikaombe tano. Ngedere akahamia tawi la juu zaidi.

Na hapo, wenzangu, mvua ikanyesha.

Mvua ile aliyoiomba mwaka mzima. Ilikuja nje ya msimu, ikaja na mawe yake na upepo wake. Ngedere akajikunja juu ya chumvi, akaifunika kwa kifua, akaifunika kwa mapaja. Chumvi na maji mnavijua. Ikaanza kuteleza vidoleni mwake, ikatiririka shinani, ikadondoka kutoka kila tawi, tone tone, juu ya mgongo wa Kanga aliyekuwa amesimama pale chini, mbawa wazi, amewafunika wanawe saba. Mpaka siku ile Kanga alikuwa mweusi tititi. Mvua ilipokatika alikuwa na madoa meupe toka shingoni mpaka mkiani. Kila doa tone la chumvi yake.

Ngedere akafungua mikono. Akatazama viganja. Havina kitu. Akavigeuza, akavitazama tena. Mpaka leo ukimkuta peke yake utamwona anatazama viganja.

Kanga akasogea langoni na madoa yake. Akamgeuzia Nyati mgongo, akamwambia chumvi hii hapa, mzee, ilambe.

Nyati akamnusa. Akalamba mara moja, begani.

"Ni tamu," akasema. "Lakini ni ya ulimi mmoja. Wanao siwezi kuwaingiza kwa hiyo."

Lango likafungwa.

Nungunungu akatoka kumfuata. Hakuwa na bonge lililobaki, alikuwa ameyatoa yote kumi kwa Kanga na kumi mengine kwa Nyati. Akang'oa miiba kumi mgongoni, akampelekea. Akamwambia mwaka ujao, dada, kumi tu, kama tulivyoanza.

Kanga akaitazama miiba ile. Akamuuliza atavunja kwa mtama gani. Shamba liko ndani ya boma, na yeye yuko nje. Kinga humkinga mwenye kitu.

Akawakusanya wanawe, akawafundisha siku hiyohiyo kulala juu ya matawi, wao ambao hawakuwahi kulala ila chini. Ndiyo maana kanga hana nyumba. Ndiyo maana utamwona anakula karibu na kundi la nyati, mbali hataki kwenda na ndani hawezi kuingia. Na ndiyo maana hakai. Anakimbia, anasimama, anatazama juu, anakimbia tena, na ukimsikiliza ile kelele yake anahesabu: mmoja, wawili, watatu, wanne, watano, sita. Wa saba hamwoni, anaanza upya.

Basi funzo, na msilisahau kabla ya kufika mlangoni. Kinga ijengwe kwa kipimo cha kile unachokikinga, isizidi hata punje. Ikizidi si kinga tena, ni kamari iliyovaa kanzu ya kinga. Na mkitaka kuzitofautisha, msimwulize Ngedere. Jiulizeni wenyewe: tangu niipate, ninalala? Kinga ya kweli humkalisha mwenyewe kitako. Ikikuongezea mbio, itoe ukutani mapema.

Mtama nimeutwanga, chumvi nimeitia, sufuria nimeipua. Aliyeshiba aondoke na funzo lake, aliyesinzia alambe mwiko.

Paukwa imekwisha.

Na pakawa imelala.